Pishi ya mana (Kutoka 16) na pishi tatu za unga (Mathayo 13:33): mbona hesabu hazikubaliani?

Mshika_Kalamu ameuliza:

Shalom wapendwa. Naandaa jedwali la vipimo vya nafaka la kuweka nyuma ya kijitabu cha masomo ya Biblia, nami nimekwama kwenye neno pishi katika Union Version ya Kiswahili.

Kutoka 16:36 inasema pishi ni sehemu ya kumi ya efa. Basi pishi tatu ni sehemu tatu za kumi za efa. Lakini kwenye Mathayo 13:33 mwanamke anasitiri chachu ndani ya pishi tatu za unga, na wafafanuzi wote niliowasoma wanasema hizo tatu ni efa nzima. Kisha Mathayo 5:15 taa haiwekwi chini ya pishi. Hizi ni pishi tatu tofauti, au mimi ndiye niliyekosea kujumlisha?

Nina maswali matatu. Kiebrania na Kiyunani vinasemaje hapo? Niandike lita ngapi? Na kile kibaba cha ngano kwa nusu rupia cha Ufunuo 6:6 kinaingia wapi?

---

Saton24 amejibu:

Hujakosea kujumlisha, ndugu. Ni maneno matatu tofauti yaliyofasiriwa kwa neno moja. Kutoka 16 ni *omeri* ya Kiebrania. Mathayo 13:33 ni *saton* ya Kiyunani (wingi *sata*), nayo inatokana na *sea* ya Kiebrania kwa kupitia Kiaramu, *sata*. Mathayo 5:15 ni *modios*, kipimo cha Kirumi chenye jina la Kilatini.

Shika kwanza mnyororo wa Kiebrania, maana huo haubishaniwi sana. Homeri moja ni sawa na kori moja. Ina efa 10. Efa ina sea 3, na pia ina omeri 10. Sea ina kabu 6, kabu ina logi 4. Kwa hiyo efa ni kabu 18, au logi 72. Bathi ni ndugu ya efa upande wa vitu vya majimaji, na Ezekieli 45:11 inasema wazi kwamba ujazo wao ni mmoja. Leteki, inayotajwa mara moja tu (Hosea 3:2), huhesabiwa kuwa nusu ya homeri.

Ukiutazama mnyororo huo utaona tatizo lako lilipo: efa inagawanyika kwa njia mbili, kwa kumi na kwa tatu. Omeri imo katika njia ya kumi, sea imo katika njia ya tatu. Mfasiri akiziita zote mbili pishi, hesabu lazima igongane.

Kuhusu lita, usianze na lita. Anza na *xestes* (ξέστης), yaani sekstario ya Kirumi, kwa sababu kila kipimo cha Agano Jipya kinaingia humo bila sehemu za kusumbua. Josephus, aliyeandika Kiyunani katika karne ya kwanza, anatoa ulinganisho wa aina mbili. Katika kitabu cha 8 cha historia yake ya kale ya Wayahudi anasema *batos* (bathi kwa Kiyunani) inachukua xestai (wingi wa xestes) 72. Katika kitabu cha 9, anaposimulia njaa ya Samaria, anasema saton moja ni modio moja na nusu ya Kiitalia. Modio ina xestai 16, kwa hiyo saton ni 24. Zidisha kwa tatu, unapata 72. Kauli mbili, sehemu mbili tofauti, na zimekutana palepale.

Basi andika hivi: koros (kori kwa Kiyunani) 720, efa na batos 72, saton 24, modios 16, omeri 7.2, kabos (kabu) 4, choinix (ndicho kibaba cha Ufunuo 6:6) 2, logi 1. Ukishamaliza ndipo uzidishe kwa lita 0.546, ambayo ni xestes moja. Efa inakuwa lita 39.3, saton 13.1, modios 8.7, omeri 3.9, choinix 1.1.

Kwa msomaji wa kwetu: efa ni karibu madebe mawili ya lita 20. Saton ni theluthi mbili za debe. Omeri ni kama sado ya lita 4, ikipungua kidogo.

---

Septuaginta_kila_siku amejibu:

Naongezea upande wa Septuaginta, yaani Agano la Kale kwa Kiyunani, kwa sababu huko ndiko jedwali nyingi zinakoharibikia. Mtu anaona neno la Kiyunani, anakwenda kwenye kamusi, anachukua ujazo wake wa Athene, anazidisha. Waliofasiri Torati na Manabii kwa Kiyunani hawakufanya kazi hivyo. Mahali pengine waliandika sauti ya Kiebrania tu, mahali pengine walitia kipimo cha sokoni kwao, na neno moja likabeba vipimo viwili au vitatu.

Mtego mkubwa ni *gomor*. Kutoka 16 ina gomor kwa omeri, lita 3.9. Hosea 3:2 na Ezekieli 45 zina gomor ileile kwa homeri, lita 393. Tofauti ni mara mia! Kwa Kiebrania maneno haya hayafanani mwanzoni: omeri inaanza na herufi ayini, homeri inaanza na heti. Ayini kuandikwa kwa gama ya Kiyunani si ajabu, ndivyo tulivyopata Gaza na Gomora, ambazo kwa Kiebrania zinaanza na ayini pia. Ila heti nayo ikaandikwa kwa gama, na hapo msomaji wa Kiyunani hana njia ya kutofautisha ila kwa kufungua Kiebrania. Mahali pengine homeri imewekwa kama *koros*: Walawi 27:16, na wale kware wa Hesabu 11:32, ambako kila mtu alikusanya *deka korous*. Hizo afadhali.

*Oiphi* ndiyo efa. Utaikuta Walawi 5:11, Waamuzi 6:19, Ruthu 2:17, 1 Samweli 1:24. Haibadiliki mwisho wake, kama ilivyo gomor. Saton, koros, batos na kabos zimevaa miisho ya Kiyunani na zinabadilika kama nomino nyingine. Ukitafuta kwa programu ya kompyuta, kumbuka jambo hilo: *oiphi* utaipata kwa umbo moja, lakini *koros* itakupita kama hukuandika *korous* na *korōn* pia.

*Metron*, maana yake kipimo tu, inaweza kuwa sea au efa. Mwanzo 18:6 Ibrahimu anaagiza *tria metra* za unga mwembamba. Kiebrania kina sea tatu. Amosi 8:5 metron iliyopunguzwa ni efa. Zekaria 5:6 vilevile. Lakini tazama Kutoka 16:36 kwa Kiyunani: gomor ni sehemu ya kumi ya "vipimo vitatu". Kiebrania hapo kina neno moja, efa. Mfasiri wa Aleksandria ameieleza efa kwa sea zake tatu. Na hilo ni muhimu, kwa kuwa Biblia ya Kiebrania haina mstari hata mmoja unaosema wazi kwamba efa ni sea tatu. Ushahidi wa zamani tulio nao umo katika Kiyunani hiki, na Isaya 5:10 inauunga mkono: efa ya Kiebrania imekuwa *metra tria*.

Mstari huohuo wa Isaya unaonyesha ile njia nyingine. Homeri imegeuzwa *artabas hex*, artaba sita. Artaba ni kipimo cha Waajemi kilichokaa Misri, na msomaji wa Aleksandria alikijua kama sisi tunavyolijua gunia. Usichukue artaba hizo ukapige hesabu ya homeri, kwa maana artaba zilikuwa za ukubwa mbalimbali. Ile ya Herodotus, kwa mfano, ni medimno moja ya Athene na choinix tatu, karibu lita 55. Sita zake ni lita 330, pungufu ya homeri.

Mtego wa mwisho, na ndio uliowaangusha wengi: *choinix* katika Ezekieli 45:11. Kwa kamusi choinix ni lita 1.1. Kwa Ezekieli wa Kiyunani choinix ni sehemu ya kumi ya gomor, sawa na oiphi, yaani inasimama mahali pa bathi, lita 39. Ukiingiza ujazo wa kamusi hapo umepunguza bathi mara thelathini na sita.

---

Udongo_wa_Lakishi amejibu:

Nakubaliana na mnyororo, sikubaliani na kuandika lita 39.3 kila mahali. Ujazo huo ni wa karne ya kwanza, wakati modio na sekstario zilishakuwa sokoni Yudea. Kwa enzi ya wafalme tuna ushahidi wa udongo: vipande vya mitungi vyenye maandishi "bathi" na "bathi ya mfalme", vilivyochimbuliwa Tell Beit Mirsim na Lakishi. Mwanaakiolojia Albright alipokadiria ukubwa wa mitungi hiyo alifika karibu lita 22. Udhaifu wake ni kwamba ni vipande, si mitungi mizima, hivyo ujazo unategemea jinsi mtungi ulivyojengwa upya kwa makisio.

Kwa hiyo weka safu mbili. Kwa Injili na Ufunuo tumia xestai 72 za Josephus. Kwa Ruthu, Samweli na Wafalme andika "kati ya lita 22 na 39". Jedwali linaloandika "lita 39.27" kwa ajili ya shayiri ya Ruthu linadai uhakika ambao hakuna mtu anao.

Na tahadhari moja juu ya Josephus mwenyewe. Katika kitabu cha 15, kwenye njaa ya wakati wa Herode, anasema koros ni medimno 10 za Athene. Medimno ina xestai 96, kwa hiyo hapo koros ni 960, lita zaidi ya 520. Lakini koros ni bathi 10, na yeye mwenyewe alikwishasema batos ni xestai 72, jumla 720. Medimno saba na nusu, si kumi. Ukiweka *metretes*, kipimo cha Kiyunani cha vitu vya majimaji, mahali pa medimno, hesabu inakaa sawa, kwa sababu metretes ina xestai 72 kamili. Wataalamu wengi wanaona kwamba maneno hayo mawili yalibadilishana, ama na Josephus ama na wanakili. Vyovyote, usijenge jedwali juu ya mstari huo. Kuna majedwali yanayozunguka yakiwa na koros ya lita 520, na chanzo chake ni hapo.

---

Mfuto amejibu:

Naomba niseme kuhusu pishi yenyewe, maana inahukumiwa bila kusikilizwa.

Pishi ya pwani ni vibaba vinne, au visaga viwili. Kwa nafaka ni ratili sita hivi, karibu kilo 2.7. Waislamu wanaijua kwa Zaka ya Fitri: pishi ndiyo saa ya Kiarabu, kibaba ndicho mudi, vinne kwa moja. Sasa chukua omeri ya lita 3.9 uijaze ngano. Lita ya ngano ina uzito wa kilo 0.77 hivi, kwa hiyo omeri ni kilo 3. Pishi, kilo 2.7. Wafasiri waliiona omeri vizuri sana! Kutoka 16 ni tafsiri sahihi, na msomaji wa mwaka 1952, Union Version ilipotoka, alielewa mara moja kila mtu alipata mana kiasi gani kwa siku.

Ufunuo 6:6 vilevile. Choinix ya ngano ni kilo 0.8 na kitu, kibaba ni kilo 0.7 kasoro kidogo. Neno limekaa mahali pake, na maana yake ya posho ya mtu mmoja kwa siku imekaa pia.

Mathayo 13:33 ndipo penye hasara. Sata tatu za ngano zingekuwa kilo 30. Pishi tatu ni kilo 8. Mfano unazungumzia unga mwingi kupita mahitaji ya nyumba moja, nasi tunasoma unga wa chapati za familia. Tena anayesikia *sata tria* kwa Kiyunani, kama analijua Agano la Kale, anakumbuka hema la Ibrahimu, efa ya Gideoni, efa ya Hana. Kiasi ni kilekile katika hadithi zote nne. Pishi tatu haiwezi kumkumbusha mtu hivyo.

Mtu asije akafikiri *sea* na *saa* ni neno moja kwa kuwa zinafanana masikioni. Sea ya Kiebrania ina sameki na alefu. Saa ya Kiarabu ina sadi na ayini. Na ujazo ni mbali kabisa, sea inazidi saa karibu mara nne au tano.

---

Mshika_Kalamu:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeandika rasimu ifuatayo, naomba mnikosoe:

Mathayo 13:33, sata 3 = lita 39.3 = unga kilo 39.
Mathayo 5:15, modios = lita 8.7.
Luka 16:6, batos 100 = lita 3,930 za mafuta.
Luka 16:7, koros 100 = lita 39,300 = ngano tani 39.
Ufunuo 6:6, choinix = lita 1.1, bei ya dinari 1.

---

Saton24:

Mistari ya kwanza na ya nne ina kosa moja: umeifanya lita kuwa kilo. Lita ni kilo kwa maji tu. Unga usioshindiliwa ni kilo 0.55 hivi kwa lita, kwa hiyo sata tatu ni kilo 21 au 22. Ngano nzima ni 0.77, kwa hiyo koros 100 ni tani 30. Shayiri ni nyepesi kuliko ngano, weka 0.62. Mafuta ya zeituni ni 0.91, ila kwa mafuta acha lita tu.

Kwa Luka 16:7 ongeza mlinganisho, maana "makanda mia ya ngano" ya Union Version yanapunguza deni hilo. Koros moja ni kilo 300, magunia matatu ya kilo mia. Mdeni anadaiwa magunia mia tatu. Wakili alipomwambia aandike themanini, alimfutia magunia sitini. Msomaji akishaliona hilo, anaelewa kwa nini mdeni angempokea huyo wakili nyumbani kwake.

Na ukitafuta *batos* kwenye programu, utaletewa vitu viwili. Kuna batos ya kipimo na batos ya mti wa miiba, ambayo ndiyo michongoma ya Luka 6:44 na kile kijiti cha Musa katika Luka 20:37. Maumbo yanafanana. Katika namba za Strong, zile za kamusi ya maneno ya Biblia, ni 943 kwa kipimo na 942 kwa mti.

---

Septuaginta_kila_siku:

Kwa Mathayo 5:15 mimi nisingeweka lita kabisa. *Modios* pale ni chombo chenyewe, kile kilichomo ndani ya nyumba, na ndiyo sababu Kiyunani kina neno la kubainisha: "chini ya ile modios". Luka 8:16 anasema *skeuos*, chombo tu, na mfano haupotezi kitu. Jambo hilohilo liko kwa xestes katika Marko 7:4, ile "midumu" inayooshwa: jina la kipimo limehamia kwenye chombo, na ujazo hauna kazi. Weka alama mbele ya mistari hiyo miwili: "chombo, si kiasi".

Ufunuo 6:6 ungeongezea bei ya kawaida, ama sivyo dinari haisemi kitu. Dinari ni ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Katika kesi ya Verres, aliyekuwa gavana wa Sisilia, mwaka 70 KK, mwanasheria Mrumi Cicero anataja ngano ya Sisilia iliyonunuliwa na serikali kwa sesterti 3 kwa modio. Dinari ni sesterti 4, kwa hiyo dinari ilinunua modio moja na theluthi, yaani choinix 10 na zaidi. Katika Ufunuo inanunua moja. Sisilia si Asia, na kati yake ipo zaidi ya karne, kwa hiyo andika "karibu mara kumi" tu, usiandike desimali.

---

Mfuto:

Kabla hujafunga jedwali, sema kama vipimo ni vya mfuto au vya kujaa mpaka juu. Lita zote zilizotajwa hapa ni za mfuto, nafaka imesawazishwa na ukingo wa chombo. Luka 6:38 inaeleza kinyume chake, kipimo cha kujaa, na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, na kila kitenzi hapo ni hatua halisi ya kupima nafaka: unajaza, unashindilia kwa mkono, unatikisa punje zijipange, unaongeza mpaka inamwagika. Anayejua lumbesa anaelewa. Nafaka iliyotikiswa inaongezeka uzito ndani ya chombo kilekile hata kabla ya lile lundo la juu.

---

Udongo_wa_Lakishi:

Na Ruthu 3:15, ukifika huko. "Vipimo sita vya shayiri" hakina jina la kipimo kwa Kiebrania, ni "sita za shayiri", na Septuaginta imeacha hivyohivyo, *hex krithōn*. Usijaze pengo hilo kwa efa. Efa sita kwa ujazo wa Josephus ni lita 236, shayiri kilo 146, na Ruthu alizibeba katika shela yake. Sea sita ni kilo 49, mzigo mzito ila unabebeka. Omeri sita ni kilo 14 au 15. Kwa bathi ya lita 22, sea sita zinashuka hadi kilo 27. Andika "sita, kipimo hakikutajwa", kisha weka sea na omeri kama makisio mawili.

Hagai 2:16 ni kinyume chake. Kiebrania kina "ishirini" na "kumi" bila kipimo, lakini Kiyunani kimeongeza *sata* mara mbili. Hiyo sata ni ya mfasiri. Iweke kwenye safu ya Septuaginta, usiipeleke safu ya Kiebrania.

---

Mshika_Kalamu:

Nimesahihisha. Sasa safu ni nne: neno la Kiebrania, neno la Kiyunani, xestai, kisha lita, na kwa Agano la Kale lita zinaandikwa kwa mipaka miwili. Pishi ya Kutoka 16 nimeiacha. Ya Mathayo 13:33 nimeiwekea maelezo: "sata tatu, sawa na efa moja, karibu madebe mawili ya unga".